Jiwe la Msingi na Majina Yasiyochongwa

Yameenea maneno, katika mikutano ya wataalamu na hata katika baraza za wapenzi wa fasihi, kwamba urithi sharti uwe mkongwe: gofu la matumbawe, mlango wa nakshi, kaburi lenye nguzo. Mwenye imani hiyo huenda Kaole akasimama kwa adabu mbele ya mabaki ya msikiti wa karne ya 13, akapita Bagamoyo akaupiga picha mnara wa misheni, kisha akashika njia ya Morogoro. Basi likisimama Chalinze hushuka kununua machungwa. Kanisa Katoliki lililojengwa na waumini wenyewe hapo njia panda halimshughulishi. Akiulizwa, atajibu kwamba lile ni jengo la juzi tu, matofali ya saruji na mabati.

Jibu hilo ni ghalati, nayo ghalati hiyo ina gharama.

Kwanza itazamwe sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, inayotumika Tanzania Bara, huhesabu kuwa jengo la kumbukumbu lile lililosimamishwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyofuata hungoja tamko la waziri. Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja na kuweka makao Bagamoyo mwaka 1868, na kanisa lao la kwanza likajengwa mwaka 1872. Kwa hesabu hiyo, hata kanisa linalotembelewa na wageni wa dunia nzima lilizaliwa likiwa limechelewa miaka tisa. Mstari wa 1863 ni wino wa karani. Aliyeuchora hakuwa na habari na Chalinze, wala hakukusudia kuwa nayo.

Kisha utazamwe mnara wenyewe. Watu huuita Mnara wa Livingstone, kwa kuwa maiti yake ililazwa humo Februari 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuibeba kutoka bara. Msafiri aliyepita humo akiwa ndani ya jeneza ndiye aliyeachiwa jina. Waliokomboka utumwani wakaishi katika kijiji cha misheni, wakalima mashamba yake na kubeba mawe yake, hawakuachiwa hata kona moja ya ukuta yenye jina lao. Msomaji wa tenzi atalistaajabia jambo hili, kwani mtunzi wa utenzi hujitaja mwishoni, pengine na mwaka akautia, ili kazi isipotee na mwenyewe. Jengo lilijengwa, beti za tamati zikakatwa.

Chalinze inakaribia kuurudia msiba huo huo, safari hii bila ya mkoloni wa kulaumiwa.

Kanisa la kigango katika nchi hiyo ya Wakwere na Wazigua huanza kwa watu wachache kukutana chini ya mti, na katekista akiwasomea. Kengele mara nyingi ni ringi ya lori iliyotundikwa tawini. Na palipo njia panda ya malori yaendayo Morogoro na Tanga, ringi haiwi adimu. Husimama kibanda cha miti na udongo. Baadaye jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya nguzo ya kazi yao katika miaka ya 1970, hugawana mzigo: hawa mchanga, wale kokoto, wengine matofali kwa idadi ya kaya. Asiye na fedha hutoa siku zake. Na maji! Kwa miaka mingi Chalinze ilijulikana kwa mambo mawili, njia panda na kiu. Kabla ya mradi wa kuvuta maji ya mto Wami kuanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, kila ndoo ya kukorogea zege ilikuwa ni ndoo iliyokosekana jikoni. Ukuta uliojengwa kwa maji ya namna hiyo hauwezi kuitwa matofali tu.

Hatimaye kenchi hupanda, mabati hupigwa, siku ya kutabaruku huwadia, na kitambaa hufunuliwa juu ya jiwe la marumaru. Limeandikwa nini? Jina la mgeni rasmi, cheo chake, na tarehe. Mtu aliyewasili saa nne na kuondoka saa tisa ndiye ambaye jiwe humtaja. Mama aliyebeba mchanga kwa misimu mitatu yumo katika daftari la michango, nalo daftari limo katika kabati lenye mchwa.

Watakuja wenye kusema kwamba makanisa haya hayana uzuri. Baadhi yao hayana, ni kweli. Na yapo ambayo uso wake umebandikwa vigae ambavyo mahali pake ni bafuni. Lakini uzuri haukuwa kipimo pekee popote duniani. Msikiti mkuu wa Djenné, nchini Mali, katika umbo lake la sasa ni wa mwaka 1907, na ni wa udongo. Wenyeji huupaka upya kila mwaka, wazee kwa watoto, na mji huo umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1988. Mikono hiyo ya kila mwaka ndiyo inayoupa msikiti uhai. Huku Unguja, Beit al-Ajaib ya mwaka 1883 ilikuwa na umri, fahari na nafasi yake ndani ya Mji Mkongwe uliotambuliwa na dunia mwaka 2000. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na watu wakafa. Umri na orodha havikuwa ukuta.

Hatari ya Chalinze ni ya kimyakimya zaidi. Machi 2025 Bagamoyo ilifanywa jimbo lenye askofu wake. Waumini huongezeka, na jengo la zamani huonekana dogo, la aibu. Desturi inajulikana: kubwa likikamilika, dogo hubomolewa, na vifusi vyake hujaza mashimo ya uwanja. Hakuna anayedai waumini wasali wakibanana kwa ajili ya kumbukumbu. Linalodaiwa ni dogo mno kiasi cha kuona haya kulidai: kabla ya nyundo, jengo lipigwe picha na kupimwa, daftari za michango zinakiliwe, wazee waliochimba msingi waulizwe nani alikuwepo, nani alipima, wimbo gani uliimbwa kwenye zege, ringi ya lori isiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Msikiti wa kijiji uliojengwa kwa sadaka za namna hiyo hiyo, Chalinze au Makunduchi, unastahili vivyo hivyo.

Na jiwe jingine lichongwe, chini ya lile la mgeni rasmi au pembeni yake. Wajenzi wa kizazi cha kwanza wamekwisha kuwa wazee, na kila msimu wa mazishi hupunguza idadi ya wanaoweza kuyasahihisha majina.