Wiki Sita Si Kupona

Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Mimi nilizaa watoto 6, kisha nikauficha uchi wangu miaka mingi baada ya kuzaa. Leo nausema, si kwa kuwa nimeacha kuona haya, bali kwa kuwa kimya chetu ndicho kinachowafanya watu waamini kwamba habari ya kizazi kushuka huishia kwenye meza ya upasuaji.

Nilipasuliwa, wala sijutii. Kile kilichokuwa kikinitoka kila nilipochuchumaa kufua kilirudishwa mahali pake, nikaweza tena kukaa kwenye benchi la kanisa bila kujipinda. Wiki ya sita daktari alinitazama, akaandika kwenye kadi kwamba nimepona, tukaagana. Hakuna aliyeniuliza nyumbani ni nani atakayechota maji. Mwezi wa tatu nilikuwa nimejitwika ndoo. Mwaka wa nne ule uzito nikausikia tena. Niliporudi, muuguzi aliniuliza, "Mama, umefanya nini tena?" kana kwamba nimeharibu kazi ya watu.

Swali hilo ndilo ninalogombana nalo. Laiti angeliuliza, "Mama, tulikuambia nini?" ningemjibu: hamkuniambia kitu.

Hamkuniambia kwamba kukata kizazi peke yake si dawa ya kushuka. Kinacholegea ni misuli na mishipa inayovishikilia viungo vya nyonga. Kizazi kikiondolewa na vishikizo visipofungwa vizuri, kuta za uke huweza kushuka zenyewe, pamoja na kibofu au utumbo ulio nyuma yake. Hamkuniambia kwamba mwanamke aliyekuwa havuji mkojo anaweza kuanza kuvuja baada ya upasuaji, kwa sababu kibofu kilichoshuka kilikuwa kimeikunja njia ya mkojo, na kilipoinuliwa njia ikanyooka. Mwanamke asiyeambiwa hayo hudhani amerogwa, ama hudhani amekosea.

Wala tusidhani haya ni ya hospitali zetu maskini tu. Huko Marekani madaktari waliwafuatilia wanawake waliofanyiwa aina mbili za upasuaji wa kushona kwa nyuzi. Matokeo ya miaka 5 yalichapishwa mwaka 2018. Kwa kipimo kilichojumuisha kushuka upya, dalili zinazosumbua na kutibiwa tena, zaidi ya wanawake 6 katika kila 10 walihesabiwa kuwa upasuaji wao umeshindwa. Hata hivyo wengi wao walijisikia nafuu kuliko kabla ya kupasuliwa, na waliotibiwa tena walikuwa karibu 1 katika 10. Basi kupona ni kupi? Ni kule kwa rula ya daktari, au kule kwa mwanamke anayetembea, anayelala na mumewe, anayekwenda haja bila machozi? Mimi nasema ni huku kwa pili, lakini huku hakuna anayekuuliza.

Tazama pia habari ya nyavu za plastiki zilizowekwa ukeni ili kuzuia kushuka upya. Zilisifiwa, zikauzwa, wanawake wakalalamika maumivu na nyavu kutokeza, wakaambiwa ni mawazo yao. Mwezi wa Julai 2018 Uingereza ilisimamisha matumizi yake. Aprili 2019 Marekani ikaamuru zilizobaki kwa kazi hiyo ziondolewe sokoni. Tume iliyoongozwa na Bibi Cumberlege huko Uingereza ilitoa taarifa yake Julai 2020, na neno lake kubwa lilikuwa kwamba wanawake hawakusikilizwa. Nchi tajiri, yenye mafaili na kompyuta, ilihitaji miaka yote hiyo kuusikia mlio wa mwanamke. Sisi ambao kadi zetu huliwa na mchwa tutausikia lini?

Najua nitakavyojibiwa. Wataniambia nawatisha akina mama, wasije wakaogopa kisu wakaendelea kuteseka. La hasha! Anayemtisha mwanamke ni yule anayemwahidi kupona kabisa, kisha akamwacha agundue peke yake. Mwanamke aliyezaa hatishiki na ukweli. Mwambie kwamba upasuaji humsaidia mtu, lakini huenda hali ikarudi. Mwambie kwamba ipo pete laini ya kuvaa ukeni, inayotolewa na kuoshwa, na wengine huridhika nayo bila kisu. Mfundishe kuikaza misuli ya nyonga. Kisha mwache achague.

Wala maneno yangu si ya madaktari peke yao. Mume anayeuza mbuzi ili mkewe apasuliwe, kisha akamtazama akijitwika maji mwezi wa tatu, ameutupa mbuzi wake. Mkwe anayesema "mbona sisi tulizaa tukaamka" naye ajue kwamba wengi wa hao "sisi" waliamka wakiwa wameshikilia khanga, wakanyamaza.

Ninachodai ni kidogo. Mwanamke aliyepasuliwa aitwe tena baada ya mwaka 1, na baada ya miaka 5, aulizwe kwa maneno anayoyaelewa: unatembeaje, unakojoaje, unalalaje na mumeo? Majibu yake yaandikwe kwenye daftari kama yanavyoandikwa majina ya waliokufa. Mimi bado nasubiri kuulizwa.