Tunalipia Kifaa, Hatulipii Kujua Tatizo

Julai mwaka jana nilikuwa Njombe kwa mazoezi ya kufundisha. Waliowahi kukaa kule wanajua, Julai ya Njombe siyo mchezo. Asubuhi ukungu unatanda mpaka huioni nyumba ya jirani, na maji ya bomba unanawa huku umefumba macho. Nilifikia kwa mjomba wangu, ambaye anafanya biashara ya viazi kati ya Njombe na Makambako akitumia gari dogo la Toyota lililotumika Japani.

Sasa hilo gari lilikuwa na vituko. Kila baada ya siku mbili tatu, saa kumi na moja alfajiri, alamu inalia uani mpaka mtaa mzima unaamka. Mjomba anatoka na blanketi mabegani, anabonyeza rimoti mara tano, mara kumi, wapi! Mpaka asogee karibu kabisa na kioo ndipo inanyamaza. Wiki ya kwanza majirani walitoka na tochi. Wiki ya tatu hakutoka mtu. Mama mmoja wa jirani, baada ya kutusalimia "kamwene" kama kawaida, alituambia wazi kwamba hata wezi wakija kweli, yeye hanyanyuki tena. Hakuwa na ubaya. Alamu inayolia bila sababu inawafundisha watu kuipuuza, na mwisho wake ni sawa na kutokuwa na alamu.

Mjomba akaenda gereji. Fundi wa kwanza alisikiliza nusu dakika, hakufungua hata boneti, akasema, "Mzee, hii sensa ya mtikisiko imekufa." Sensa mpya, Sh 60,000. Mjomba akalipa bila neno. Siku ya nne, saa kumi na moja alfajiri, king'ora kikaanza tena. Fundi wa pili akasema tatizo ni alamu nzima, itolewe yote, iwekwe mpya na rimoti zake, Sh 180,000. Hapo mjomba akasita, maana hela iliyokuwepo ndani ilikuwa ya pango la chumba changu cha semesta. Nami nilisita zaidi yake, nadhani mnanielewa.

Jumamosi moja tukashuka Makambako na viazi, kilomita kama 60 hivi. Pale, kwenye njia panda ya barabara ya Songea na ile kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia, kuna fundi umeme mmoja mtu mzima ambaye mjomba alielekezwa kwake. Huyu hakushika spana. Alianza kuuliza.

"Inalia saa ngapi, mzee?"

"Alfajiri."

"Ukilala nayo huku Makambako inalia?"

Mjomba akafikiri. "Huku haijawahi. Huku inalala stoo, chini ya bati."

"Ukiiosha je?"

Hapo mimi ndiyo nikakumbuka. "Siku tuliyoosha injini ililia mchana."

Fundi akacheka. Akatuonyesha barabara, malori yanapita usiku kucha na pale stoo ardhi inatetemeka. Kama tatizo lingekuwa sensa ya mtikisiko, alisema, gari lingelia Makambako kwenye malori, siyo Njombe kwenye mtaa uliotulia. Kinacholiliza ni unyevu. Kwa hiyo tutafute mahali maji yanapoingia.

Akafungua boneti na kutuonyesha kiswichi kidogo kinachokandamizwa boneti ikifungwa. Kazi yake ni kuiambia alamu kwamba boneti imefunguliwa. Mpira wake ulikuwa umechanika, ndani kutu tupu. Akawasha alamu, akasubiri kidogo, akadondosha maji kwenye kile kiswichi. Ikalia. Akachomoa waya wa kiswichi, akadondosha maji tena. Kimya. Akarudia mara ya pili ili mjomba aone kwa macho yake. Ile sensa ya Sh 60,000 haikuhusika kabisa.

Kisha akafungua rimoti kwa bisibisi ndogo. Ndani kuna betri ya duara iliyoandikwa CR2032. Namba hizo siyo urembo: 20 ni upana wa milimita 20, na 32 ni unene wa milimita 3.2. Ikiwa mpya inatoa volti 3. Ya mjomba ilisoma 2.6, na betri iliyochoka hivyo baridi huidhoofisha zaidi, ndiyo maana alfajiri ya Njombe rimoti ilikuwa haifiki mbali. Kwa hiyo yalikuwa matatizo mawili tofauti, sisi tukawa tunayaita moja.

Hesabu ikaja: kiswichi Sh 5,000, betri Sh 2,000, ufundi Sh 15,000. Na hapa ndipo ilipo hoja yangu. Mjomba, ambaye alilipa Sh 60,000 ya sensa bila kunung'unika, aligoma kulipa 15,000. "Umefanya nini cha elfu kumi na tano? Si umeuliza maswali tu!" Na mimi, mwanafunzi wa ualimu, mtu ambaye kesho nitataka nilipwe mshahara kwa kuuliza maswali, moyoni nilikuwa upande wa mjomba.

Tangu siku ile nimekuwa nawaza kwamba tunawalaumu mafundi kwa kosa ambalo nusu yake ni letu. Tunasema mafundi wa siku hizi wanabahatisha, wanabadilisha vifaa mpaka tatizo lichoke lenyewe. Wapo, na mmoja wao alikula hela yetu. Lakini jiulize, fundi anajifunza nini kutoka kwetu wateja? Akikaa saa nzima kutafuta chanzo na kukuta waya umelegea, tunampa buku mbili na "asante fundi". Akituuzia kifaa kwenye boksi linalong'aa, tunamlipa cha kifaa na cha kukifunga. Kwa malipo hayo, fundi mwenye watoto wa kulisha atachagua njia ipi? Sisi wenyewe ndiyo tumemfundisha kwamba kufikiri hakuna bei.

Wapo watakaosema tukianza kulipia uchunguzi tutaibiwa mara mbili, kwenye kuangalia na kwenye kifaa. Ni hofu ya haki. Jibu langu ni kwamba uchunguzi wa kweli unaonekana. Fundi wa Makambako hakutuomba tumwamini, alililiza tatizo na kulinyamazisha mbele yetu. Patana bei ya kuangalia kabla hajagusa gari, halafu mwambie akuonyeshe tatizo likija na likiondoka. Akishindwa kukuonyesha, usinunue kifaa. Risiti ya sensa inathibitisha umenunua sensa, basi.

Na kabla ya kwenda kwa fundi, yapo ambayo hata asiye na gari, kama mimi, anaweza kumsaidia mzee nyumbani. Anza na kilicho karibu na cha bei rahisi. Ijaribu rimoti ya akiba kama ipo. Badilisha betri ya rimoti, hakikisha namba zinafanana. Usiogope kwamba gari halitawaka kwa sababu betri ya rimoti imekufa: kwenye gari nyingi za ufunguo wa kuzungusha, chipu ya usalama iliyomo ndani ya ufunguo haitumii betri hiyo. Kisha angalia betri ya gari yenyewe. Ikiwa imejaa na gari limetulia husoma kama volti 12.6, ikishuka chini ya 12 imeisha, na umeme mdogo huweza kuichanganya alamu. Safisha vichwa vyake, kaza. Halafu milango na boneti: ukifunga milango yote na taa ya ndani bado inawaka, huenda kuna swichi inadanganya. Mambo ya kubadilisha alamu nzima au kuprogramu ufunguo yawe ya mwisho. Na chukua daftari: inalia lini, wapi, hali ya hewa ikoje. Kitabu cha maelekezo cha gari la mjomba kimeandikwa Kijapani, hakuna anayekisoma. Daftari lako litakusaidia zaidi.

Sasa turudi kwetu wa kitivo cha elimu. Juma lile lile nilikuwa nasahihisha daftari za kidato cha pili, hesabu za sehemu, nusu ya darasa wamekosa. Nikapiga mikasi myekundu, nikarudia mada nzima ubaoni. Wiki iliyofuata, makosa yale yale. Nilikuwa fundi wa kwanza kabisa, yule wa sensa! Baada ya Makambako nikamwita mwanafunzi mmoja, nikamwambia, "Nionyeshe ulivyofanya." Dakika mbili zilitosha: alikuwa anajumlisha namba za juu, kisha anajumlisha na za chini. Wengi walikuwa wanafanya hivyo hivyo. Mkasi mwekundu ni king'ora tu. Unapiga kelele kwamba kuna kosa, hausemi liko wapi.

Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na leo Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari. Baadhi yetu tutafundisha kwenye mkondo huo. Ombi langu ni dogo. Mtihani wa vitendo usiwe wa kufunga kifaa kipya peke yake. Mpe mwanafunzi kitu kibovu, mpe alama kwa maswali aliyouliza, kwa alichokiondoa kwenye orodha na kwa sababu aliyoitoa, hata kama kengele imelia kabla hajamaliza kutengeneza. Tukitoa alama kwa kifaa kilichofungwa tu, tutazalisha wafungaji wa vifaa, halafu tutawalalamikia miaka 20 ijayo kwamba wanabahatisha.

Mjomba alilipa zile 15,000 mwishowe, kwa shingo upande. Wiki tatu zilizobaki hatukuamshwa na gari hata siku moja, na chumba changu nilikilipia kwa wakati. Wewe ukifika gereji safari ijayo, iwe ni gari, pikipiki au simu yako iliyokufa, usianze na "kifaa ni bei gani?" Anza na "kuangalia tatizo ni shilingi ngapi?" Ukitajiwa, usimlalie sana.