Wanafunzi wa China ughaibuni wakati wa UVIKO-19: habari njema tu kwa wazazi

Wachina wana msemo unaoeleza tabia ya mtoto aliye mbali na kwao: habari za furaha huzipeleka nyumbani, za huzuni akabaki nazo mwenyewe. Katika miaka ya janga la UVIKO-19 tabia hiyo iligeuka kuwa mzigo mzito. Tarehe 2 Aprili 2020 Wizara ya Mambo ya Nje ya China ilieleza kwamba kati ya wanafunzi wake milioni 1.6 walioko ughaibuni, takribani milioni 1.4 walikuwa hawajarudi. Wengi wao walizaliwa chini ya sera ya mtoto mmoja. Nyuma ya kila mmoja walikuwapo wazazi wawili, na pengine mababu na mabibi wanne, wasio na mtoto mwingine wa kumtazamia.

Mji wa Wuhan ulipofungwa tarehe 23 Januari 2020, wanafunzi hawa walizunguka katika maduka ya dawa ya miji waliyosomea, wakinunua barakoa na kuzituma nyumbani. Majuma machache baadaye ugonjwa ukaenea Ulaya na Marekani, na sasa wazazi ndio waliowatumia watoto barakoa. Balozi za China nazo zikagawa vifurushi vya kinga. Lakini barakoa yenyewe ilikuwa mtego. Kwao, hasa tangu mlipuko wa SARS mwaka 2003, kuivaa ni kinga na pia ni adabu. Katika mitaa mingi ya nchi za Magharibi, miezi ile ya kwanza, mtu mwenye sura ya Kiasia aliyeivaa alidhaniwa kuwa ndiye mgonjwa, na wapo waliotukanwa na hata kupigwa. Kila asubuhi kijana alichagua atoke na hofu ipi.

Je, si angerudi nyumbani? Kuanzia tarehe 29 Machi 2020 China iliagiza kila shirika lake la ndege libaki na njia moja tu kwa kila nchi, na safari moja tu kwa juma. Mashirika ya kigeni yakawekewa kikomo kama hicho. Tiketi zikaadimika na kupanda bei kupita kiasi. Hata hivyo, maneno yaliumiza kuliko bei. Katika mitandao ya kijamii baadhi ya wananchi wenzao waliwasuta kwamba nchi ilipojengwa hawakuwapo, ila kuleta sumu kutoka mbali wamekuwa wa kwanza. Na huko walikosoma? Tarehe 3 Aprili Waziri Mkuu wa Australia, Scott Morrison, alisema kwamba wanafunzi wa kigeni wasioweza kujikimu warudi makwao. Tarehe 6 Julai serikali ya Marekani ikatangaza kuwa wanafunzi wa kigeni ambao masomo yao yote yako mtandaoni hawataruhusiwa kubaki nchini. Vyuo vikuu vya Harvard na MIT vilikwenda mahakamani, na tarehe 14 agizo hilo likaondolewa.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye kiini cha jambo. Tunapozungumzia sonona, wasiwasi na kukosa usingizi kwa vijana hawa, tusidhani kwamba chanzo ni kirusi na upweke wa chumbani peke yake. Kijana alijiona hatakiwi pande zote mbili, na wakati huohuo alijua kuwa ada yake imetokana na akiba ya wazazi ya miaka mingi. Angewezaje kuwaambia kwamba halali? Ushauri nasaha chuoni ulitolewa kwa lugha ya kigeni, na kwao ugonjwa wa akili bado ni jambo la aibu kwa familia. (Sisi nasi tusicheke: mara ngapi sonona tumeiita uvivu, au kurogwa?) Wazazi wa Afrika Mashariki waliokuwa na watoto Wuhan mwanzoni mwa 2020 wanazifahamu simu za namna hiyo: mtoto anasema yu mzima, nawe unasikiliza anavyopumua.

Anayetaka kumsaidia mwanafunzi wa namna hii asimwulize kama hajambo, kwa maana jibu analo tayari. Amwulize jana alikula nini, na nani, akalala saa ngapi.

China iliondoa karantini kwa wasafiri wanaoingia tarehe 8 Januari 2023. Aliyeondoka Septemba 2019 kwa shahada ya miaka mitatu alikuwa amekwisha kuhitimu. Wapo waliofika nyumbani na kukuta bibi alikwisha kuzikwa zamani, nao hawakuambiwa, wasije wakavurugika masomoni. Kumbe wazazi nao, miaka yote ile, walikuwa wakituma habari njema tu.