Ijumaa Langoni mwa Shule

Ijumaa moja jioni nilisimama langoni mwa shule hapa Thika, nimemshika mkono mwanafunzi wa gredi ya pili. Upande mmoja alikuwa mama yake; upande wa pili baba yake, aliyepanda matatu kutoka Ruiru, mwendo wa kilomita zipatazo 20. Kila mmoja alishikilia kwamba mwisho wa juma ule ulikuwa wake. Hawakuwahi kuoana.

Walimu wenzangu, mngefanyaje?

Zamani jibu lingekuwa jepesi. Sheria ya Watoto ya 2001 ilimkabidhi mama jukumu la malezi iwapo wazazi hawakuwa wameoana, baba akawa wa kuomba. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, ikausawazisha wajibu wa wazazi, wawe wameoana au la. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ikavibatilisha vipengele vile vya 2001, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikafuata mkondo huo huo. Waama, baba yule wa Ruiru si mgeni machoni pa sheria. Hata hivyo, usawa wa wajibu si kumgawa mtoto nusu kwa nusu. Mahakama hutazama kwanza maslahi ya mtoto, na aliye mdogo sana kwa kawaida huachiwa mama, isipopatikana sababu nzito.

Nilipowasikiliza, nilitambua kwamba ugomvi haukuwa juu ya Ijumaa hata kidogo. Baba hakuwa ametoa pesa za chakula cha shuleni muhula mzima. Mama, kwa hasira, akamfungia mlango. Hapa ndipo wengi wetu hupotoka. Chakula ni haki ya mtoto, na kumwona babake ni haki ya mtoto vilevile. Moja si bei ya nyingine. (Wapo pia kina baba wanaolipa kila senti, wakadhani wamemnunua mtoto.)

Nami sikuwa na silaha. Ofisini hapakuwa na nakala ya amri ya mahakama wala makubaliano ya maandishi, ilhali mahakama zipo Thika na Ruiru pia. Fomu yetu ya kumwandikisha mwanafunzi huuliza majina ya wazazi. Haiulizi anaishi na nani, wala nani aruhusiwe kumchukua. Nimemwomba mwalimu mkuu aiongeze mistari hiyo miwili.

Jioni ile mtoto aliondoka na mama. Baba aliwasindikiza hadi kituo cha matatu, amebeba mkoba wa vitabu.