Usiuze DSLR yako kwa presha ya mtandaoni

Wewe unayetaka kuchukua mkopo wa simu ili uongezee hela za kamera isiyo na kioo, hebu ngoja kwanza.

Sokoni mambo yalishaamuliwa. Sony ilitoa A7 mwaka wa 2013. Canon na Nikon wakajikokota hadi 2018 ndipo wakaleta EOS R na Z6 na Z7. Lakini walipoingia, waliingia mzima mzima: DSLR zao za mwisho za kiwango cha juu kabisa, 1D X Mark III na D6, ni za 2020. Kwa hivyo ukiniuliza kama kamera hizi zitaweza kushindana na DSLR, umechelewa. Zilishashinda.

Na sibishi, ni moto. Juzi nilikuwa napiga harusi kanisani. Pasta akasema tuombe, watu wakanyamaza kabisa, halafu DSLR yangu: kacha! Kile kioo cha ndani lazima kiruke ndio picha ipatikane. Shangazi mmoja alinikazia macho mpaka nikaishusha. Jamaa aliyekuwa kando yangu hakuwa na kioo, alipiga maombi yote bila sauti, na kamera yake ilikuwa inamfuata bibi harusi jicho yenyewe. Wivu niliouona, wacha tu.

Sasa mbona nakukataza? Kwa sababu mteja wa ruracio hakuulizi kama kamera ina kioo. Anaangalia picha. Tena wenye pesa wakihama, DSLR za mitumba zinashuka bei. Ukiuza leo unauza kwa hasara, lakini anayeanza ananunua kwa raha. Lenzi zako za EF pia hazipotei, kwa adapta zinafanya kazi kwenye EOS R. (Watu wa Nikon mjichunge: lenzi zenu za zamani zisizo na mota hazijifokasi kwa adapta ya FTZ.) Halafu kuna betri. 5D Mark IV imepimwa kwa picha kama 900 kwa chaji moja, EOS R 370. Nenda shags siku stima imepotea ndio utanielewa.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda. Iliyonilipia nyumba tangu hapo ni DSLR ya mitumba yenye mkwaruzo kwenye skrini. Mkopo haujawahi kunilipia kitu.

Jumamosi niko na harusi nyingine Thika. Wakati wa maombi nitasimama nyuma kabisa, karibu na mlango.