Pupa ya mauzo ilivyoiponza Nissan katika vita vya krosova

MAGARI 4,129 pekee ndiyo yaliyoitenganisha Toyota na mpinzani wake Nissan katika mauzo ya krosova nchini Marekani mwaka wa 2017 ulipofikia tamati.

Toyota iliuza RAV4 407,594 mwaka huo, ilhali Nissan iliuza Rogue 403,465. Honda, ambayo CR-V yake ilikuwa imezoea kuongoza, ilisukumwa hadi nafasi ya tatu kwa magari 377,895.

Kwa aliyetazama takwimu hizo pekee, Nissan ilikuwa hatua moja tu kutoka kileleni. Lakini miaka saba baadaye, mnamo 2024, Toyota iliuza RAV4 475,193, Honda ikauza CR-V 402,791, nayo Nissan ikaambulia Rogue 245,724. Pengo kati ya wa kwanza na Nissan lilikuwa limepanuka hadi magari 229,469.

Yaliyojiri katika kipindi hicho yanadhihirisha kwamba idadi ya magari yanayouzwa inaweza kuficha udhaifu wa kampuni badala ya kuufichua.

Krosova ni gari lenye kimo na umbo la magari ya kupitia barabara mbovu, lakini lililoundwa juu ya msingi wa gari dogo la kawaida badala ya chesisi ya lori. Kwa sababu hiyo huwa jepesi na huendeshwa kwa urahisi kama saluni. Toyota ilizindua RAV4 mwaka wa 1994, Honda ikafuata na CR-V mwaka wa 1995. Nissan iliingiza Rogue katika soko la Marekani mwaka wa 2007.

Kufikia katikati ya mwongo uliofuata, familia nyingi za Marekani zilikuwa zimeyapa kisogo magari ya saluni. Mnamo Aprili 2018, kampuni ya Ford ilitangaza kwamba ingeacha kuuza karibu saluni zake zote Amerika Kaskazini na kushughulikia zaidi pikapu na magari ya kimo. Hivyo basi, kampuni iliyoshindwa katika krosova haikuwa na pengine pa kukimbilia.

Nissan iliingia katika ushindani huo ikiwa na mzigo wa malengo iliyojiwekea yenyewe. Mnamo 2011, chini ya uongozi wa Carlos Ghosn, ilizindua mpango uliopewa jina la Power 88. Mpango huo ulitaka kampuni itwae asilimia 8 ya soko la magari duniani na kupata faida ya asilimia 8 ya mauzo. Nchini Marekani, shabaha ilikuwa asilimia 10 ya soko.

Ili kufikia viwango hivyo, Nissan ilitumia mbinu mbili ambazo viongozi wake wenyewe walikuja kuzilaumu baadaye.

Ya kwanza ni punguzo kubwa la bei, likiambatana na marupurupu kwa mawakala. Wakala aliyefikisha idadi aliyopangiwa alilipwa bonasi kwa magari yote aliyouza. Aliyepungukiwa na magari machache alikosa kitita chote. Matokeo yake ni kwamba mwisho wa mwezi ulipokaribia, baadhi ya mawakala walikuwa radhi kuuza magari ya mwisho kwa hasara ili wasipoteze bonasi.

Ya pili ni kuuzia kampuni za kukodisha magari kwa wingi. Kampuni hizo hununua mamia ya magari kwa mpigo, lakini baada ya mwaka mmoja au miwili huyauza tena. Soko hufurika magari ya aina moja yasiyo na umri mkubwa, na bei yake hushuka. Mnunuzi aliyelipia gari jipya kwa fedha zake hugundua kwamba thamani ya mali yake imeporomoka kuliko ya jirani aliyenunua CR-V. Anapotaka gari jingine, humwendea mshindani.

Aidha, hesabu yenyewe ilikuwa na utata. Katika takwimu za Rogue, Nissan ilijumlisha Rogue Sport, gari dogo zaidi linalouzwa katika mataifa mengine kwa jina la Qashqai, na ambalo liliingia katika soko la Marekani mwaka huo huo wa 2017. Toyota na Honda, kwa upande wao, zilikuwa zikihesabu krosova zao ndogo peke yake, C-HR na HR-V mtawalia. Hivyo ushindani uliodhaniwa kuwa wa gari moja dhidi ya jingine ulikuwa wa magari mawili dhidi ya moja.

Nissan si ya kipekee katika jambo hili. Ford hujumlisha pikapu za ukubwa mbalimbali katika takwimu moja ya F-Series, nayo Tesla haitangazi mauzo ya kila aina ya gari katika kila nchi, hivyo takwimu za Model Y nchini Marekani ni makadirio. Kwa mujibu wa kampuni ya utafiti ya JATO, Model Y liliongoza kwa mauzo duniani mwaka wa 2023, kisha RAV4 ikaipiku mwaka wa 2024 kwa takriban magari 2,000 katika mauzo ya karibu milioni 1.2 kwa kila moja. Tofauti ndogo kiasi hicho inaweza kugeuzwa na jinsi ya kuhesabu tu.

Mtihani halisi ulikuja mwaka wa 2020, janga la corona lilipofunga viwanda na maduka. Kampuni zote tatu zilikumbwa na dhoruba ile ile, lakini hazikuumia sawa. Ikilinganishwa na 2018, RAV4 haikupoteza chochote, kwani iliuza magari 430,387 dhidi ya 427,168 ya awali. CR-V ilishuka kwa asilimia 12 hadi 333,502. Rogue ilitoka 412,110 hadi 227,935, anguko la karibu asilimia 45.

Ni kweli kwamba Rogue ya wakati huo ilikuwa imezeeka, kwa kuwa muundo wake ulianza kuuzwa mwishoni mwa 2013 na mrithi wake hakufika hadi mwishoni mwa 2020. Hata hivyo, sehemu ya anguko hilo ilianza kabla ya corona. Mnamo 2019, Nissan ilipoanza kupunguza mauzo kwa kampuni za kukodisha, Rogue ilishuka hadi 350,447 ilhali RAV4 ilipanda hadi 448,071.

Hapa ndipo Honda inapotoa funzo la kulinganisha. Mwaka wa 2022, CR-V ilianguka vibaya hadi magari 238,155, idadi iliyo chini hata ya mauzo ya Rogue mwaka wa 2024. Lakini sababu ilikuwa tofauti. Uhaba wa vipuri vya kielektroniki uliizuia Honda kuunda magari ya kutosha. Wateja walikuwapo, magari ndiyo yaliyokosekana. Viwanda viliporejea katika hali ya kawaida, CR-V ilifikia 361,457 mwaka wa 2023 na kuvuka 400,000 mwaka uliofuata.

Jambo jingine lililotenganisha kampuni hizi ni teknolojia ya magari ya mseto, yaani yanayotumia petroli na umeme. Toyota ilianza kuuza RAV4 ya mseto nchini Marekani mwishoni mwa 2015. Honda ilifuata na CR-V ya mseto mwaka wa 2020, na kufikia 2024 aina hiyo ilikuwa takriban nusu ya mauzo yote ya gari hilo nchini humo.

Nissan ilijaribu Rogue ya mseto kuanzia mwaka wa 2017, lakini ikaiacha haikudumu. Ajabu ni kwamba kampuni hiyo ndiyo iliyotangulia kuuza gari la umeme kwa wingi, Leaf, mwaka wa 2010. Pia ilikuwa na mfumo wake wa mseto unaoitwa e-Power, uliokuwa ukiuzwa nchini Japani tangu 2016. Wamarekani walipoanza kuyakimbilia magari ya mseto, Nissan haikuwa na hata krosova moja ya aina hiyo ya kuwauzia huko.

Waliolipa gharama ya makosa hayo si wakuu wa kampuni pekee. Ghosn alikamatwa jijini Tokyo mnamo Novemba 2018 kwa madai ya ufisadi wa kifedha, ambayo ameyakanusha. Julai 2019, Nissan ilitangaza kwamba ingepunguza nafasi 12,500 za kazi. Katika mji wa Busan, Korea Kusini, kiwanda cha Renault Samsung kilichokuwa kikiunda Rogue za kupelekwa Marekani tangu 2014 kilipoteza kazi hiyo mwaka wa 2020. Mwaka huo huo Nissan iliamua kufunga kiwanda chake cha Barcelona, Uhispania.

Maumivu hayakuishia hapo. Kampuni ilipata hasara ya takriban yen bilioni 671 katika mwaka wa kifedha uliokamilika Machi 2025. Mazungumzo ya kuungana na Honda, yaliyotangazwa Desemba 2024, yalivunjika Februari 2025. Mei mwaka huo, chini ya afisa mkuu mtendaji mpya Ivan Espinosa, Nissan ilisema ingepunguza jumla ya nafasi 20,000 za kazi na kubakisha viwanda 10 kati ya 17.

Kwa Wakenya, habari hizi haziko mbali kama zinavyoonekana. Rogue ni ndugu wa Nissan X-Trail, gari linaloonekana kila siku katika barabara za Nairobi na Mombasa sambamba na RAV4 na CR-V. Ni kweli kwamba magari ya Marekani hayafiki humu nchini, kwa kuwa usukani wake uko kushoto na sheria ya Kenya inataka uwe kulia. Aidha, gari haliruhusiwi kuingizwa nchini likiwa limezidi miaka minane. Hivyo krosova za mitumba zinazoshushwa bandarini Mombasa hutegemea zaidi kile Wajapani walichonunua kikiwa kipya miaka kadhaa iliyotangulia.

Lakini kanuni ni ile ile. Mnunuzi wa gari la mtumba jijini Nairobi huuliza kuhusu upatikanaji wa vipuri na bei atakayouzia baadaye, hata kabla ya kuuliza kuhusu injini. Thamani ya gari linapouzwa mara ya pili ndiyo kura ambayo punguzo la bei dukani haliwezi kuinunua, na ndiyo kura iliyoiangusha Rogue.

Toyota imeamua kwamba RAV4 mpya, ya muundo wa 2026, itauzwa ikiwa ya mseto pekee. Nissan nayo imeahidi kupeleka e-Power Marekani kupitia kizazi kijacho cha Rogue. Ahadi hiyo itapimwa kwa idadi ya wateja watakaonunua gari hilo kwa fedha zao wenyewe, bila kusukumwa na punguzo, na kwa bei watakayolipwa watakapoliuza.