Mnyonge Mnyongeni, Lakini Jina Lake Mpeni

Na Mwanachama, Kidato cha Nne

Mwaka huu sikuja na ngonjera wala vitendawili. Nimekuja na kesi, na mshtakiwa wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Likizo ya Aprili nilimrekodi nyanya yangu, ambaye sisi Wakipsigis humwita kogo, akimbembeleza mtoto wa shangazi kwa wimbo. Sikumwambia. Niliiweka simu karibu na jiko, nikanyamaza. Baadaye nikaitia sauti yake kwenye kompyuta ya binamu yangu, nikaizungushia muziki ule wa mashine wa mwendo wa taratibu, unaovuma kama upepo wa usiku, wa kusikiliza mtu akiwa amejilaza. Ulikuwa mtamu, bwana! Nilipoucheza katika mkutano wa Chama, ukumbi mzima ulipiga makofi. Mmoja akauliza, "Huyo anayeimba ni nani?" Nikajibu, "Aah, ni nyanya tu."

Jibu hilo limeninyima usingizi, na ndilo lililonishikisha kalamu.

Ndugu msomaji, jambo hili si geni duniani. Mnamo 1970 mtafiti mmoja, Hugo Zemp, alimrekodi mama aliyeitwa Afunakwa katika kisiwa cha Malaita, Visiwa vya Solomon, huko bahari ya Pasifiki. Mama huyo aliimba wimbo wa kubembeleza mtoto uitwao "Rorogwela". Ni wimbo wa yatima: mkubwa anamtuliza mdogo wake anayewalilia wazazi waliokwisha kufa. Rekodi hiyo ilitolewa mwaka 1973 katika santuri za UNESCO.

Mwaka 1992 Wafaransa wawili, Eric Mouquet na Michel Sanchez, wa kundi la Deep Forest, waliichukua sauti ya Afunakwa wakaichanganya na vinanda vya umeme na ngoma za mashine. Wakauita wimbo wao "Sweet Lullaby". Ulivuma kote ulimwenguni, ukafika hadi kwenye matangazo ya biashara. Lakini albamu yao ilinadiwa kama sauti ya msitu wa Afrika ya Kati na watu wake waitwao Mbilikimo. Hebu fikiria! Mama wa Pasifiki amegeuzwa kuwa wa Afrika. Mwaka 1996 mpiga saksafoni mashuhuri wa Norway, Jan Garbarek, naye alitoa rekodi ya muziki huohuo, akauita "Pygmy Lullaby", yaani wimbo wa Mbilikimo wa kubembeleza mtoto. Uongo ukazaa mjukuu. Zemp alilalamika kwa maandishi mwaka huohuo kuwa wimbo ule ulitumiwa bila idhini yake. Na mama mwenyewe je? Jina lake halikutajwa, kisiwa chake hakikutajwa.

Kuna watakaosema, "Wacha wivu! Bila Deep Forest nani angemjua Afunakwa?" Nawajibu hivi: waliousikia wimbo ule hawakumjua Afunakwa. Waliijua sauti isiyo na mtu. Tena wakaambiwa ni ya mtu mwingine.

Wengine watasema kuchanganya muziki ni kuharibu mila, heri nyimbo za wazee zibaki zilivyo. Hao nao sikubaliani nao, na ushahidi wangu unatoka nyumbani kwetu. Wakati wa ukoloni, santuri za mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers, zilifika Ukipsigis. Wasichana wakazisikia, wakapendezwa, wakamtungia wimbo wao wenyewe kwa mtindo wa kwetu, wakamfanya awe nusu mtu nusu paa. Jina lake wakalitamka kwa ulimi wa Kikipsigis: Chemirocha. Hugh Tracey aliurekodi wimbo huo mwaka 1950.

Mnaona tofauti, jamani? Wasichana wale walikopa kutoka mbali, wakachanganya walivyotaka, lakini aliyekopwa wakamweka katikati ya wimbo kwa jina lake. Na mwaka 2014 watafiti wa maktaba ya Tracey iliyoko Afrika Kusini, pamoja na Wakenya wa Ketebul Music ya Nairobi, walizirudisha rekodi hizo kwa Wakipsigis wazisikie wenyewe. Naam, hiyo ndiyo adabu. Aliyechota kisimani kwa watu ameonyesha ndoo aliyochotea.

Aidha, haki ikidaiwa hupatikana. Difang na mkewe, wazee wa kabila la Waamis wa Taiwan, waliimba nchini Ufaransa mwaka 1988, wakarekodiwa. Kundi la Enigma likaitumia sauti yao katika "Return to Innocence", wimbo uliotumika kutangaza Olimpiki ya Atlanta ya 1996. Wazee wale walikwenda mahakamani mwaka 1998, na mwaka uliofuata wakapatana na wenye muziki, wakatambuliwa.

Sisi Wakenya tuna kinga. Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinataka jamii zilipwe utamaduni wao unapotumiwa, na mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi. Lakini sheria haiwezi kukaa jikoni kwa kogo ikimwangalia mjukuu mwenye simu. Pale panatakiwa adabu tu.

Basi, mwezi wa Agosti nilirudi nyumbani na kazi yangu. Nikamwekea kogo spika za masikioni. Alisikiliza hadi mwisho, hakucheka, hakukasirika. Kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, mbona umemtoa mtoto?"

Sikumwelewa. Akanieleza kuwa katika wimbo ule kuna mahali jina la mtoto huitwa, na kila mtoto wa ukoo ameitwa hapo, mimi nikiwamo. Mimi nilikuwa nimepakata pale kwa sababu hapakulingana na mapigo ya mashine! Nilitaka ardhi inimeze.

Nilimwomba radhi, halafu nikamwomba ruhusa. Aliniruhusu kwa masharti mawili: mtoto arudi, na watu waambiwe ni nani anayeimba. Nimetii. Siku ya Chama mtausikia: kwanza yeye peke yake, kisha mashine polepole, na panapoitwa mtoto mashine inanyamaza. Jina lake mtalisikia kabla ya wimbo kuanza, kutoka kinywani mwake mwenyewe.

Wenzangu wenye simu na kompyuta, changanyeni! Hakuna aliyewakataza. Ila kabla ya kubonyeza, ulizeni. Baada ya kubonyeza, tajeni. Na kilichotengenezwa kirudisheni kwa mwenyewe asikie kabla ya kuwachezea wageni. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na haki ya kwanza ya mtu ni jina lake.

Kwa hayo machache naiweka kalamu chini. Mwenye hoja ya kunipinga, tukutane mkutanoni Ijumaa.